Kabla ya Kupandikiza Jino la Juu, Zijue Milimita Zako

Mara ya kwanza nilipokwenda kuulizia jino la kupandikiza, nilitajiwa bei kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Magego mawili ya juu kushoto, milioni kadhaa, kazi ianze wiki ijayo. Hakuna aliyenipiga picha. Nikaomba siku mbili za kufikiri, nikaenda kwingine, na huko ndiko nilikoambiwa kwamba juu ya fizi yangu kuna mfupa wa milimita 4 tu, baada ya hapo ni hewa. Kipandikizi cha kawaida, yaani parafujo ya titani inayofungwa kwenye mfupa badala ya mzizi wa jino, kina urefu wa milimita 10 hivi. Ningekubali kule kwa mwanzo, parafujo ingetokeza ndani ya shavu langu kama msumari uliopita ubao.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ilemela, Mwanza, si daktari. Ninayoyaandika nimeyapitia kwa taya langu mwenyewe, na mengine nimeyaona nikimsindikiza shangazi yangu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambaye hana hata jino moja la juu. Safari yake iliishia mahali tofauti kabisa na yangu, ingawa tulianza na tatizo moja: mfupa umekwisha. Kwa hiyo usisome hapa ukitafuta tiba yako. Soma ujue nini cha kuuliza, na kwa mpangilio gani.

Hatua ya 1: Fahamu mfupa umekwenda wapi

Mfupa unaoshika jino huishi kwa kazi. Kila ukitafuna, mzizi unausukuma kidogo, nao unajijenga kujibu msukumo. Jino likishang'olewa, kazi imekwisha, na mwili hauna tabia ya kulisha kisichofanya kazi. Katika mwaka wa kwanza upana wa mfupa pale palipong'olewa unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Sasa fikiria sisi, ambao dawa ya jino ni "likiuma, ng'oa", halafu tunakaa na pengo. Mimi nilikaa nalo miaka 14.

Taya la juu lina balaa la pili ambalo la chini halina. Nyuma ya kila shavu, juu ya mizizi ya magego, kuna chumba cha hewa kiitwacho sainasi, chenye ujazo wa karibu mililita 15 kwa mtu mzima. Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego yako. Magego yakiondoka, sakafu inaanza kushuka. Hivyo mfupa unaliwa pande mbili: chini kwa kukosa jino, juu kwa sainasi kutanuka. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na fizi nzuri, nene, ya kupendeza machoni, na ndani yake pasiwe na kitu.

Tena mfupa wenyewe wa huko nyuma ni laini. Mkazi wa Mwanza ataelewa haraka: taya la chini ni kama kujenga Igogo au Bugarika, ukichimba kidogo unagonga mwamba. Taya la juu, upande wa magego, ni kama kujenga mwaloni. Nguzo husimama mchangani pia, lakini inataka urefu zaidi na inataka muda.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayazuii mfupa kupungua. Yanaukandamiza, na miaka inavyokwenda yanalegea kwa sababu kilichokuwa chini yake kimesinyaa. Bamba la shangazi lilikuwa likimkaa vizuri mwaka 2009. Kufikia juzi lilikuwa likidondoka akicheka, akawa anacheka amejiziba mdomo kwa kanga.

Ukiwa una jino la juu ambalo halijang'olewa lakini daktari amesema haliponi, simama hapa kwanza. Muulize kama anaweza kujaza chembechembe za mfupa kwenye shimo siku ileile ya kung'oa. Haizuii upungufu wote, ila inapunguza, na ni nafuu mara nyingi kuliko kuja kuujenga upya. Laiti mtu angeniambia hilo nilipokuwa na miaka 30.

Hatua ya 2: Uweke mwili sawa

Hapa watu wengi wanapaharakisha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia.

Sukari ipimwe kwa kipimo cha wastani wa miezi 3, kile maabara wanachokiita HbA1c, si cha kidole cha asubuhi peke yake. Chini ya asilimia 7 ni pazuri. Ukizidi 8 madaktari wengi watakwambia urekebishe kwanza, kwa sababu kidonda hakiponi vizuri na mfupa haushiki.

Sigara ni adui mkubwa zaidi ya tunavyokubali. Moshi hupunguza damu kwenye fizi, na mfupa uliopandwa unaishi kwa damu. Kanuni inayotumika sana ni kuacha angalau wiki 2 kabla na wiki 8 baada. Ugoro na kuberi havijasamehewa.

Taja kila dawa unayotumia, hata ile unayoiona haihusiani na meno. Kuna kundi la dawa za kuimarisha mifupa, bisfosfoneti, kwa mfano alendroneti na asidi ya zoledroniki, ambazo zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya upasuaji. Aliyepewa dawa hizo kwa sindano kwa sababu ya saratani yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na mara nyingi ataambiwa asipandikize kabisa. Aliyewahi kutibiwa kwa mionzi ya kichwa au shingo, iwe Bugando au Ocean Road, aende na cheti chake cha matibabu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari wa meno na yule wa moyo wazungumze.

Pua nayo ni sehemu ya meno ya juu. Kama una mafua yasiyoisha, uzito usoni ukiinama, au ute wenye harufu unaoshuka kooni, onana na daktari wa masikio, pua na koo kwanza. Hakuna anayejenga sakafu ya chumba kilichojaa usaha.

Halafu fizi za meno uliyobaki nayo. Zikitoka damu ukipiga mswaki, zisafishwe na zitibiwe. Ugonjwa uleule ulioula mfupa wa meno yako ya asili utakula na wa kipandikizi.

Hatua ya 3: Piga picha, udai namba

Picha bapa ya taya zima, OPG, ni mwanzo mzuri. Inaonyesha kama kuna mizizi iliyobaki, uvimbe, na sakafu ya sainasi iko wapi kwa makadirio. Lakini ni kivuli: inakuza kidogo, na upana wa mfupa haionyeshi kabisa. Mfupa unaweza kuonekana mrefu kwenye OPG kumbe ni mwembamba kama ukingo wa sahani.

Kwa taya la juu lililopungua, dai CT ya meno. Hiyo inakata taya vipandevipande kama mkate na kila kipande kinapimika. Kliniki isiyo na mashine yake hukuandikia uende kupiga kwingine. Mashine ya CT ya hospitali kubwa pia inaweza kusoma taya, ila mionzi yake ni mingi zaidi, basi maelezo ya daktari yaandikwe vizuri ili usirudishwe kupigwa mara ya pili.

Ukishapigwa, omba picha ziwekwe kwenye flashi au CD. Ni zako, umezilipia. Kisha mwombe daktari akuonyeshe kwenye kioo mambo matatu: kimo cha mfupa toka fizi hadi sainasi, upana wake, na hali ya sainasi yenyewe. Andika namba. Upana si wa kupuuza: kipandikizi chenye kipenyo cha milimita 4 kinahitaji mfupa wa milimita 6 hadi 7, ili kila upande pabaki angalau milimita moja na kidogo ya kukizunguka.

Daktari akikwepa kukupa namba, umeshapata jibu la swali lingine.

Hatua ya 4: Soma njia kutoka kwenye namba

Mgawanyo huu si sheria, mabingwa wanatofautiana kwa milimita moja au mbili, lakini utakusaidia kufuata mazungumzo.

Kimo cha milimita 10 na kuendelea, upana upo: kipandikizi cha kawaida. Usikubali kuuziwa ujenzi wa mfupa usiouhitaji.

Kati ya 6 na 9 kuna njia mbili. Moja ni kipandikizi kifupi, cha milimita 6 hadi 8. Siku hizi vinaaminika kuliko zamani, hasa kwa asiyesaga meno usingizini. Nyingine ni kuinua sakafu ya sainasi kupitia tundu lilelile la kipandikizi. Daktari anatoboa hadi karibu na sakafu, halafu anaigonga taratibu kwa kifaa butu mpaka ipande milimita 2 au 3, na kuweka chembechembe za mfupa chini yake. Haiumi kwa sababu ya ganzi, lakini kule kugongwa ndani ya kichwa hakuna anayekusimulia mapema. Waliofanyiwa wanasema ni kama mtu anabomoa ukuta wa jirani na wewe umelalia ukuta huo.

Ikibaki 5 au pungufu, ndipo dirisha la pembeni linapoingia, njia aliyoianzisha Hilt Tatum huko Marekani miaka ya 1970. Fizi inafunuliwa upande wa shavu, mfupa unakatwa kidirisha kidogo, na utando wa sainasi unainuliwa polepole kwa vijiko maalumu. Utando huo ni mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Chini yake panajazwa mfupa. Kama pana milimita 4 au 5 imara, kipandikizi kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo. Chini ya hapo, au mfupa ukiwa laini sana, hujazwa kwanza na kungojwa miezi 6 hadi 9. Mimi nilikuwa na 4, laini, daktari akachagua kungoja. Nilinung'unika, kwa sababu nilitaka meno kabla ya harusi ya mdogo wangu. Harusi nilikwenda na pengo.

Utando kuchanika si jambo adimu, na daktari mzoefu ana namna ya kuuziba palepale. Mwulize mapema: ukichanika utafanyaje? Anayejibu kwamba kwake hautachanika kamwe, mtilie shaka.

Kama tatizo ni upana, kuna kupandikiza kipande cha mfupa kutoka sehemu nyingine ya taya, au kuuchana ukingo na kuutanua. Mfupa wa nyonga hutumika palipopungua sana. Ni upasuaji mkubwa, wa kulazwa.

Sasa aliyepoteza meno yote ya juu. Huyu asikimbilie kujaza sainasi zote mbili. Mbele, kati ya mahali pa chonge ya kulia na ya kushoto, mfupa mara nyingi hubaki hata nyuma ikiwa imekwisha. Shangazi alikuwa na milimita 11 mbele na 2 nyuma. Alielezwa njia tatu. Ya kwanza ni vipandikizi vinne, viwili vya mbele wima na viwili vya nyuma vikilazwa ili vikwepe sainasi, na juu yake safu ya meno isiyovuliwa. Ilienezwa na Paulo Malo wa Ureno tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ya pili ni ya wale ambao hata mbele hawana kitu: vipandikizi virefu, milimita 30 hadi zaidi ya 50, vinavyopita juu na kushika mfupa wa shavu. Ni ule ujenzi wa Igogo tena, unapita udongo wote hadi mwamba. Inahitaji bingwa wa upasuaji wa taya na uso, mara nyingi kwa usingizi kamili, na ikikosewa jicho liko jirani. Usimruhusu mtu ajifunzie kwako.

Ya tatu ndiyo aliyochagua: vipandikizi vinne upande wa mbele, na meno ya kuvua yanayobana juu yake kama vifungo vya kubana vya koti. Daktari alianza kumweleza uzuri wa safu isiyovuliwa, tabasamu na mengine. Shangazi akamkatisha: "Daktari, mwanangu, mimi sitafuti mchumba. Nataka kutafuna." Bei ilikuwa chini, kusafisha ni rahisi kwa mikono yenye baridi yabisi, na likivunjika jino moja anavua, linatengenezwa.

Kuna njia ya nne ambayo haina faida kubwa kwa kliniki, hivyo huenda usiisikie: meno ya bandia mapya yaliyopimwa vizuri, au ya zamani kuongezewa tabaka ndani ili yashike. Jirani yangu alifanya hivyo kwa sehemu ndogo sana ya gharama yangu na anakula muhogo wake. Na mwenye pengo la jino moja lililopakana na meno yenye kofia tayari (ganda la bandia linalofunika jino), daraja la kawaida, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, laweza kumtosha.

Hatua ya 5: Uliza mfupa wa kujazia unatoka wapi

Unaweza kuwa wako mwenyewe, wa binadamu aliyechangia na ukasafishwa, wa ng'ombe uliochomwa mpaka ikabaki madini tu, au wa kutengenezwa kiwandani kwa kalsiamu na fosfeti. Wa ng'ombe hutumika sana kwenye sainasi kwa sababu hauyeyuki haraka.

Pamoja na mfupa, huwekwa kitambaa laini cha kolajeni (protini ya wanyama) cha kufunika dirisha, na vitambaa vingi vya aina hiyo hutoka kwa nguruwe. Pakiti huandika. Muislamu, Msabato, au Mhindu asiyetaka kitu cha ng'ombe mwilini ana haki ya kujua kabla ya kulala kwenye kiti, na zipo za asili nyingine. Kwenye chumba cha kungojea nilimkuta mzee wa Kirumba aliyegundua baada ya kazi kwisha. Hakumlaumu mtu, ila alisema angeulizwa angesubiri mwezi mmoja iagizwe nyingine.

Hatua ya 6: Daktari, karatasi na hela

Thibitisha kwamba anayekuhudumia ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Tabibu wa kinywa na meno ana kazi zake nzuri, lakini kuinua sainasi si mojawapo. Uliza ameinua sainasi ngapi, na uombe kuona picha za kabla na baada za wagonjwa wake, majina yakiwa yamefichwa. Uliza pia nani atakayetengeneza meno yenyewe na maabara iko wapi. Kama yanatumwa Dar au nje, jua ni wiki ngapi.

Bei ya hapa huhesabiwa kwa milioni, si kwa laki, na tofauti kati ya mlango huu na ule ni kubwa. Linganisha karatasi na karatasi, si namba ya mdomoni. Karatasi itenganishe picha, mfupa na kitambaa, kipandikizi, kiungo cha kati kinachoshikanisha kipandikizi na kofia, kofia ya juu, meno ya muda, na marudio. Wengi hutangaziwa bei ya parafujo peke yake. Kisha iandikwe: kipandikizi kikikataa kushika, nani analipa cha pili? Bima uliza mapema na kwa maandishi. Mimi nililipa yote mfukoni, kwa awamu tatu.

Jambo moja dogo limenisaidia kuliko yote. Kila kipandikizi huja na stika yenye jina la kiwanda, kipimo na namba ya toleo. Omba yako. Vipandikizi ni kama spea za magari: bisibisi ya huyu haiingii kwa yule. Daktari wako akihama, stika hiyo ndiyo itakayomwambia mwingine afungue na nini.

Hatua ya 7: Siku yenyewe na wiki mbili zinazofuata

Kama ni ganzi tu, kula vizuri asubuhi na unywe dawa zako za kawaida. Kama ni usingizi, fuata masharti ya kufunga. Usirudi nyumbani umepanda bodaboda. Ule mtikisiko wa barabara za milimani na upepo usoni havifai siku hiyo. Wa Sengerema na Geita siku hizi mmepumzika na foleni ya kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lakini wa visiwani mlale mjini angalau usiku mmoja. Shangazi alilala kwangu siku nne. Damu ikikataa kukatika saa nane za usiku uko Nansio, meli haipo.

Aliyeinuliwa sainasi ana masharti yake, na yote yanatokana na jambo moja: shinikizo la hewa lisisukume ule utando uliotoka kuinuliwa.

Usipenge kamasi kwa wiki 2. Futa tu. Chafya ikija, ifungulie mdomo. Ukiibana inatokea ndani. Usinywe soda kwa mrija. Usiogelee wala kupiga mbizi ziwani mpaka uruhusiwe. Ndege pia ngoja, madaktari wengi husema wiki 2 hivi, kwa hiyo aliyekwenda kufanyiwa Dar asikate tiketi ya kurudi kesho yake. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Usinyanyue ndoo za maji wala magunia. Na kama unapuliza tarumbeta kanisani kama mimi, kabidhi tarumbeta. Nilizuiwa miezi 3. Nikapewa kupiga ngoma, na sikuipiga vizuri.

Chakula ni cha vuguvugu na laini: uji, mtori, viazi vya kupondwa, mayai, supu ya sato iliyochujwa miiba yote. Ugali mlaini wa kulowekwa na mchuzi waweza kuanza baada ya siku chache, upande wa pili. Michembe, karanga, muwa, bisi na dagaa wakavu viache kwa wiki kadhaa, maana vipande vyake hupenda kukaa kwenye mshono.

Uso utavimba, na kilele cha uvimbe ni siku ya 2 au ya 3; barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia siku ya kwanza. Damu kidogo puani ni kawaida. Dawa za kuua vijidudu zimalizwe zote. Kinywa kisukutuliwe kuanzia kesho yake, kwa maji ya chumvi au dawa uliyopewa, bila kuyasukuma kwa nguvu.

Rudi kwa daktari siku hiyohiyo ukiona damu haikatiki kwa kubana pamba nusu saa, uvimbe unaongezeka baada ya siku ya 4, homa, usaha au harufu puani, au maji unayokunywa yanatokea puani. Hilo la mwisho usilingojee Jumatatu.

Hatua ya 8: Kungoja

Mwaka 1952 huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark aliweka vyombo vidogo vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze damu. Alipotaka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimwekea mtu wa kwanza. Kukumbatia huko ndiko unakokungoja, na taya la juu hukumbatia polepole: miezi 4 hadi 6 baada ya kipandikizi kuwekwa, juu ya ile ya kungoja mfupa kama ulijaziwa kwanza. Mimi jumla yangu ilikuwa miezi 13 toka dirisha hadi kofia.

Kipindi hiki hakina maumivu, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa maana mtu anasahau. Kipandikizi kinachotikiswa mapema hakishiki mfupa, kinazungukwa na nyama tu, na kitatoka. Meno ya muda yachongwe ndani ili yasigandamize mahali pa upasuaji, na usilale nayo. Shangazi alikaa wiki mbili bila kuvaa chochote, akagoma kwenda kanisani.

Kabla ya kufunga meno ya juu, kipandikizi kijaribiwe kama kimeshika, na picha ipigwe tena. Ukisikia maumivu kinapokazwa, sema. Kipandikizi kilichoshika vizuri hakiumi.

Hatua ya 9: Kuishi nacho

Hakiozi, lakini fizi na mfupa wake vinaugua. Mswaki laini mara mbili kwa siku, na vile vibrashi vidogo vya kupita kati ya meno kila usiku. Mimi hununua kimoja na kukiosha mpaka nywele zake zichoke. Anayevua, avue usiku, asugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida, ayaweke ndani ya maji, na asugue pia vile vichwa vya vipandikizi vilivyobaki mdomoni, sehemu ambayo shangazi aliiruka mwezi mzima mpaka fizi ikaanza kutoa damu. Marudio ni kila miezi 6, na picha kwa ratiba ya daktari. Anayesaga meno usingizini atengenezewe kinga ya plastiki ya kulalia.

Jino likianza kucheza, usililegeze zaidi kwa ulimi wala kulitafunia kujaribu. Mara nyingi ni parafujo ndogo ya kati iliyolegea na inakazwa kwa dakika kumi. Ikiachwa inakatikia ndani. Nenda na stika. Yangu iko kwenye faili moja na kadi ya pikipiki. Ya shangazi imo ndani ya Biblia yake, imefungwa kwenye nailoni, nami nimeipiga picha ikae kwenye simu yangu, kwa sababu paa lake linavuja.